Nyumba ya Mahasimu: Miaka 70 ya Chama Tawala cha Japani

Bukichi Miki na Banboku Ono hawakuwa watu wa kukaa meza moja. Uhasama wao ulianza kabla ya vita, na vita ilipokwisha kila mmoja alijikita upande wake: Miki alikuwa mtu wa Ichiro Hatoyama katika Chama cha Kidemokrasia, Ono alikuwa nguzo ya Chama cha Kiliberali kilichotawaliwa kwa miaka mingi na Shigeru Yoshida. Mwaka 1955 Miki, ambaye hakuwa na muda mrefu wa kuishi, alimtafuta hasimu wake wakakutana faragha, akamwomba vyama vyao viungane. Wasoshalisti, waliogawanyika mwaka 1951, walikuwa mbioni kurudiana, na Oktoba 1955 wakarudiana kweli. Wenye viwanda waliingiwa na hofu. Marekani nayo haikutaka kuona Tokyo ikielekea kushoto wakati vita baridi imepamba moto. Ono akakubali.

Tarehe 15 Novemba 1955, katika ukumbi wa chuo kikuu eneo la Kanda, Tokyo, vyama viwili vikawa kimoja: Chama cha Kiliberali na Kidemokrasia, LDP, ambacho Wajapani hukiita kwa kifupi Jiminto. Siku hiyo hakikuwa na mwenyekiti. Kambi mbili zilishindwa kukubaliana nani akalie kiti, basi wakateuliwa wanne wakaimu kwa pamoja: Hatoyama, Taketora Ogata wa Waliberali, na wale mahasimu wawili, Miki na Ono. Ogata alifariki Januari 1956, na Aprili Hatoyama akachaguliwa kuwa mwenyekiti. Miki mwenyewe alifariki Julai mwaka huohuo.

Naeleza mwanzo huu kwa kirefu kwa sababu anayeitazama LDP kama chama cha itikadi hataielewa. Ni nyumba iliyojengwa na watu waliomhofia jirani kuliko walivyochukiana wao kwa wao. Ugomvi wao waliingia nao ndani, na kwa maoni yangu ugomvi huo ndio uliokiweka chama hai kwa miaka 70.

Ugomvi wenyewe ulikuwa na mizizi. Katika uchaguzi wa Aprili 1946 chama cha Hatoyama kiliibuka cha kwanza, naye akawa karibu kabisa kuapishwa kuwa waziri mkuu. Jeshi la Marekani lililoikalia Japani likampiga marufuku kushiriki siasa. Akamkabidhi chama Yoshida, mwanadiplomasia mzee, akitarajia kurudishiwa atakapofunguliwa. Alifunguliwa mwaka 1951, akiwa amepata kiharusi, na Yoshida hakurudisha kitu. Zaidi ya kinyongo kulikuwa na tofauti ya kweli ya mtazamo. Yoshida aliona Japani iliyoteketea iwaachie Wamarekani kazi ya ulinzi, ijenge uchumi, na Katiba iliyoanza kutumika Mei 1947, yenye ibara ya 9 inayokataa vita, iachwe ilivyo. Hatoyama na wenzake waliiona Katiba hiyo kuwa imeandikwa na mshindi wa vita. Walitaka irekebishwe na nchi iwe na jeshi lake lenye kuitwa jeshi. Lengo hilo la kurekebisha Katiba liliandikwa katika malengo ya LDP siku ya kuzaliwa kwake.

Aliyetaka kulitimiza kwa haraka alikuwa Nobusuke Kishi. Huyu alikuwa waziri katika baraza la Hideki Tojo wakati Japani inaingia vitani mwaka 1941. Baada ya vita alikaa gereza la Sugamo miaka 3 kama mtuhumiwa wa makosa ya vita, akaachiwa Desemba 1948 bila kushtakiwa, na mwaka 1957 akawa waziri mkuu. Nimewahi kusoma watu wakilieleza hili kama maajabu ya siasa. Mimi naliona kama doa ambalo chama hakijawahi kulisafisha.

Kishi alitaka mkataba mpya wa usalama na Marekani, akausaini Washington Januari 1960. Bungeni Wasoshalisti waliupinga kwa nguvu zote. Usiku wa tarehe 19 Mei, wao na makatibu wao walikaa chini kwenye korido kumzuia Spika Ichiro Kiyose, mzee wa miaka 75, asifike ukumbini. Polisi walimiminika ndani ya jengo la Bunge kwa mamia, wakawabeba wabunge mmoja mmoja na kuwatoa nje huku miguu ikining'inia. Spika akasukumwa katikati ya msongamano hadi kwenye kiti chake, akatangaza kuongeza muda wa kikao, na baada ya saa sita usiku mkataba ukapitishwa na wabunge wa LDP peke yao. Hata baadhi ya wabunge wa chama hicho hawakukubali kushiriki.

Nchi ikalipuka. Maandamano yalizunguka Bunge usiku na mchana. Tarehe 15 Juni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tokyo, Michiko Kanba, binti wa miaka 22, alifariki katika purukushani na polisi kwenye eneo la Bunge. Ziara ya Rais Eisenhower ikafutwa. Siku 4 baada ya kifo hicho mkataba ukawa halali wenyewe kwa kuwa muda wa Baraza la Juu kuujadili ulikuwa umepita, na Kishi akatangaza kujiuzulu. Serikali ya Marekani ilikuja kukiri, katika kumbukumbu zake rasmi zilizochapishwa mwaka 2006, kwamba katika miaka ile iliwapa fedha kwa siri baadhi ya wanasiasa wa kihafidhina wa Japani.

Kwingineko chama kilichofika hapo kingeanguka. LDP haikuanguka, na namna ilivyonusurika ndiyo iliyogeuka kuwa desturi yake. Ilimtoa Kishi ikamweka Hayato Ikeda, mtu wa mrengo wa Yoshida. Ikeda aliiweka Katiba kando akazungumzia mfuko wa mwananchi. Desemba 1960 serikali yake ilipitisha mpango wa kuongeza pato la taifa mara mbili ndani ya miaka 10, na lengo likafikiwa kabla ya muda. Oktoba 1964 treni ya mwendo kasi, Shinkansen, ilianza safari kati ya Tokyo na Osaka, na siku chache baadaye Michezo ya Olimpiki ikafunguliwa. Hasira ya 1960 ilikuwa imepoa. Mpiga kura alikuwa ameona serikali ikibadilika bila chama kubadilika. Mrengo mmoja ukichafuka, mwingine hupokea usukani, na wapinzani wa nje hubaki wakingoja zamu isiyofika. Sheria haikuwazuia kushinda. Japani haikuwahi kuwa nchi ya chama kimoja kwa amri, kama zilivyokuwa nchi nyingi za Afrika wakati uleule. Wasoshalisti walibaki na takriban theluthi moja ya viti, idadi ya kutosha kuzuia Katiba isiguswe, wakaridhika nayo kupita kiasi.

Chini ya yote hayo kulikuwa na mitambo ya uchaguzi, na hapa panataka utulivu kidogo. Hadi mwaka 1993 majimbo mengi ya Baraza la Wawakilishi yalitoa wabunge kati ya 3 na 5 kila moja, lakini mpiga kura alikuwa na kura moja tu. Kura hiyo aliiandika kwa mkono: alipewa karatasi na penseli, akaandika jina la anayemtaka. Chama kinachotaka wingi wa viti kililazimika kusimamisha wagombea wawili au watatu katika jimbo moja. Kwa hiyo adui wa kwanza wa mgombea wa LDP alikuwa mgombea mwenzake wa LDP. Jina la chama halikumsaidia chochote dhidi ya huyo. Ilibidi watu wamkumbuke yeye kwa jina mpaka waliandike bila kukosea.

Basi kila mmoja alijenga jumuiya yake ya wafuasi, koenkai. Mbunge au mtu wake alifika kwenye misiba na rambirambi yake katika bahasha, alifika harusini, alimtafutia kijana kazi, aliwapeleka wazee kwa basi kuoga chemchemi za maji moto. Gharama ya haya yote ilizidi mshahara wa mbunge mara nyingi. Fedha zilitoka kwa kinara wa kambi yake ndani ya chama, habatsu, na kinara alizipata kwa makampuni. Mbunge alilipa kwa kura yake siku ya kumchagua mwenyekiti wa chama, ambaye ndiye huwa waziri mkuu. Wakulima walibebwa kwa bei ya mpunga iliyolindwa na serikali, na majimbo yao yalikuwa na uzito wa kupindukia. Katika uchaguzi wa 1972 kura moja katika baadhi ya majimbo ya vijijini ilikuwa sawa na karibu 5 za mjini, na Mahakama Kuu ikaja kusema kwamba hali hiyo ilikiuka Katiba.

Hakuna aliyeijua mitambo hiyo kama Kakuei Tanaka. Alizaliwa Niigata mwaka 1918, mkoa wa pwani ya Bahari ya Japani ambako theluji ya baridi huzika vijiji. Hakusoma chuo kikuu. Alijitafutia riziki kwenye ujenzi, akaingia Bungeni mwaka 1947, akawaambia watu wa kwao kwamba Tokyo inakula jasho lao na yeye atawarudishia. Akawarudishia kweli: barabara zilizosafishwa theluji, madaraja, mahandaki ya kupita milimani hata kwa ajili ya vijiji vidogo, na baadaye reli ya Shinkansen hadi Niigata. Jumuiya yake, Etsuzankai, ilikuwa na matawi mpaka vijijini, na watu walipanda basi usiku kucha kwenda nyumbani kwake Tokyo kutoa shida zao. Aliwasikiliza asubuhi, kikundi baada ya kikundi, na hapohapo akapiga simu wizarani.

Alipokuwa waziri mkuu Julai 1972 alikuwa na miaka 54, na miezi 2 baadaye alirudisha uhusiano na China. Lakini alipandisha matumizi ya serikali, bei ya ardhi ikapaa, na mshtuko wa mafuta wa 1973 ukamaliza kilichobaki. Mwaka 1974 mwandishi Takashi Tachibana aliandika katika jarida la Bungei Shunju jinsi Tanaka alivyochuma mali, naye akajiuzulu. Februari 1976 ikafichuka huko Marekani kwamba kampuni ya ndege ya Lockheed ilikuwa imetoa hongo Japani. Julai Tanaka akakamatwa kwa kupokea yeni milioni 500. Oktoba 1983 alihukumiwa kifungo cha miaka 4, akakata rufaa. Miezi 2 baadaye watu wa Niigata walimrudisha Bungeni kwa kura zaidi ya 220,000.

Wapo wanaowacheka wapiga kura wale. Siwaungi mkono. Mtu aliyeona mgonjwa akibebwa mgongoni kwenye theluji kabla ya barabara kufika ana hesabu yake, na hesabu hiyo ni halali. Kosa lilikuwa la utaratibu uliomfanya mwananchi apate haki yake kama fadhila ya mtu mmoja. Huyo mtu, ingawa alikwisha kujitoa chamani, aliendelea kuongoza kambi kubwa kuliko zote na kuamua nani awe waziri mkuu hadi alipopata kiharusi mwaka 1985.

Miaka iliyofuata kukamatwa kwa Tanaka ilikuwa ya ugomvi wa hadharani. Mwaka 1979 kambi za Masayoshi Ohira na Takeo Fukuda zilivutana kwa siku 40 baada ya uchaguzi, hata chama kimoja kikaleta wagombea wawili wa uwaziri mkuu Bungeni. Mwaka 1980 Ohira alifariki katikati ya kampeni, na huruma ya wananchi ikakipa chama ushindi mkubwa. Yasuhiro Nakasone alitawala miaka 5 na kubinafsisha shirika la reli mwaka 1987. Kisha mambo matatu yakakutana: kashfa ya kampuni ya Recruit, iliyowauzia wanasiasa hisa kabla hazijaingia sokoni, kodi ya mlaji ya asilimia 3 iliyoanza Aprili 1989, na waziri mkuu Sosuke Uno aliyeandamwa na kashfa ya mwanamke. Julai 1989 LDP ilipoteza wingi wa Baraza la Juu mbele ya Wasoshalisti walioongozwa na Takako Doi, na wanawake waliochoshwa walijitokeza kupiga kura na kugombea.

Anguko lenyewe lilitoka ndani, kama ilivyotarajiwa. Shin Kanemaru, mrithi wa mitambo ya Tanaka, alikiri mwaka 1992 kupokea yeni milioni 500 kutoka kampuni ya usafirishaji ya Sagawa Kyubin, akatozwa faini ndogo, na nchi ikachukia. Mwaka uliofuata wapelelezi walikuta kwake dhamana na vipande vya dhahabu. Kambi yake ikapasuka. Ichiro Ozawa na wenzake walipiga kura pamoja na wapinzani kuiangusha serikali ya Kiichi Miyazawa tarehe 18 Juni 1993, wakaanzisha chama chao. Agosti, Morihiro Hosokawa aliunda serikali ya mseto ya makundi 8. Baada ya miaka 38 LDP ilikuwa nje, ingawa bado ndiyo iliyokuwa na wabunge wengi kuliko chama kingine chochote.

Ilivumilia miezi 10 tu. Juni 1994 ilifanya jambo ambalo mtu wa 1960 asingeliamini: iliungana na Wasoshalisti na kumfanya kiongozi wao, Tomiichi Murayama, kuwa waziri mkuu. Murayama alitamka kwamba majeshi ya kujilinda ni halali kikatiba na kwamba anaukubali mkataba wa usalama, ule uliosababisha wabunge wa chama chake kubebwa na polisi. Wafuasi wake hawakumsamehe. Katika uchaguzi wa 1996 chama chake kilipata viti 15. Tokeo hili linanisikitisha kuliko yote katika historia hii, kwani upinzani uliokuwa na msimamo kwa kizazi kizima uliyeyuka kwa kukaribishwa madarakani.

Hosokawa aliacha urithi mmoja wa kudumu: sheria ya 1994 iliyofuta majimbo ya zamani na kuleta majimbo ya mbunge mmoja, pamoja na viti vya orodha za vyama na ruzuku ya serikali kwa vyama. Sasa nguvu ya kuteua mgombea na kugawa fedha ikahamia makao makuu. Aliyeitumia hadi mwisho ni Junichiro Koizumi, aliyeshinda uenyekiti mwaka 2001 kwa kuahidi kwamba LDP isipobadilika ataivunja. Alitaka kubinafsisha posta, yenye akiba kubwa ya wananchi na wakuu wa vituo waliokuwa wakala wa kura wa chama chenyewe. Baraza la Juu lilipoukataa muswada Agosti 2005, aliitisha uchaguzi, akawanyima uteuzi wabunge wake walioupinga, akawapelekea wagombea wapya majimboni mwao, na akapata viti 296. Kambi za zamani zilibaki na majina, lakini meno yalikuwa yamepungua.

Alipoondoka, mawaziri wakuu watatu walipita kila mmoja kwa takriban mwaka mmoja, huku serikali ikigundulika kupoteza mpangilio wa kumbukumbu za pensheni zipatazo milioni 50. Tarehe 30 Agosti 2009 LDP ilibaki na viti 119 dhidi ya 308 vya Chama cha Kidemokrasia cha Japani. Waziri mkuu aliyeshindwa, Taro Aso, ni mjukuu wa Yoshida. Aliyeshinda, Yukio Hatoyama, ni mjukuu wa Ichiro. Ugomvi wa 1946 ulikuwa umefika kizazi cha tatu, safari hii mmoja wao akiwa upande wa pili wa Bunge.

Washindi hao walivurugana wao kwa wao, likawakuta tetemeko na tsunami ya Machi 2011, na Desemba 2012 Shinzo Abe, mjukuu wa Kishi, akairudisha LDP madarakani kwa viti 294. Takwimu moja ya uchaguzi ule isisahaulike: kura za orodha ya chama alizopata zilikuwa chache kuliko zile za 2009 LDP iliposhindwa. Waliojitokeza walishuka kutoka asilimia 69 hadi 59. Chama kilirudi madarakani kwa sababu watu walibaki majumbani.

Abe alitawala muda mrefu kuliko waziri mkuu yeyote wa Japani. Agosti 2016, katika mkutano wa Japani na nchi za Afrika, TICAD, mjini Nairobi, ndipo alipoeleza wazo lake la bahari za Hindi na Pasifiki zilizo huru na wazi, ambalo Washington ililichukua baadaye. Mwaka 2015 alipitisha sheria zinazoruhusu majeshi kumsaidia mshirika anaposhambuliwa. Katiba yenyewe hakuigusa. Alijiuzulu mwaka 2020 kwa ugonjwa, na tarehe 8 Julai 2022 akauawa kwa risasi akihutubia Nara. Mshtakiwa alisema kanisa la Unification lilimfilisi mama yake kwa sadaka, na kwamba Abe alikuwa na uhusiano na kanisa hilo. Uchunguzi wa chama ulikuta wabunge 179 kati ya 379 wakiwa na aina fulani ya mawasiliano nalo.

Mwishoni mwa 2023 fedha zikarudi tena. Kambi ziliuza tiketi za hafla za kuchangisha, kila mbunge akiwa na mgawo wake. Alichouza zaidi alirudishiwa kimyakimya bila kuandikwa kwenye vitabu. Januari 2024 waziri mkuu Fumio Kishida alitangaza kuvunja kambi yake, ile iliyoanzishwa na Ikeda, na nyingine nyingi zikafuata. Haikutosha. Oktoba 2024, chini ya mrithi wake Shigeru Ishiba, LDP na mshirika wake Komeito walipoteza wingi katika Baraza la Wawakilishi, na Julai 2025 wakaupoteza katika Baraza la Juu.

Tarehe 4 Oktoba 2025 chama kilimchagua kuwa mwenyekiti Sanae Takaichi, mfuasi wa Abe, binti wa mama aliyekuwa polisi, asiye na babu waziri mkuu. Siku 6 baadaye Komeito ikavunja ushirika wa miaka 26, ikisema LDP imekataa kubana vya kutosha michango ya makampuni. Takaichi akapata mshirika mwingine, chama cha Ishin, na tarehe 21 Oktoba akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu wa Japani. Kufikia siku hiyo chama chake kilikuwa kimekaa nje ya serikali, kwa jumla, pungufu ya miaka 5 tangu kiundwe, na Katiba kilichoapa kuirekebisha mwaka 1955 ilikuwa haijabadilishwa hata neno moja. Kwa anayetaka kujua kama mwanamke huyu analeta chama kipya au ni zamu tu ya mrengo mwingine, ushauri wangu ni aiache Katiba kwanza afuatilie sheria ya michango ya makampuni, maana hapo ndipo LDP imekataa kubadilika tangu enzi za Tanaka.